Nani Arithi Mtandao wa Kasiano

Kasiano, rafiki yangu,

Umekufa katikati ya ubishi, na hilo bado sijakusamehe. Tulikuwa tunabishana kama intaneti ni kitu cha namna ya maji au cha namna ya barabara. Mimi nilisema maji, kwa kuwa binadamu hapaswi kuyaomba kwa kupiga magoti. Wewe ukasema barabara, kwa kuwa maji ukimpa mwenzako ndoo yako inapungua, lakini barabara akipita yeye na wewe unapita. Ukanicheka, ukafunga geti. Nilikaa na jibu langu Jumapili nzima. Jumatatu nikaja nalo kwako, nikakuta watu wanatoa viti nje, na mkeo Oresta ameketi chini sebuleni, ukuta umemshikilia. Walisema moyo. Ulikuwa unafunga viatu tu.

Jibu langu bado ninalo. Sitalisema. Hoja isiyo na mtu wa kuipinga sijawahi kuiamini.

Nimeandika barua nyingi maishani, unajua. Nimewaandikia wakubwa, wahariri, mapadre, na yule mwenye duka aliyetuuzia mbegu zilizokataa kuota. Zote zilikuwa za kugombana, na zote zilikwenda kwa watu wenye uwezo wa kunijibu. Hii ndiyo ya kwanza kumwandikia mtu asiyeweza kurudisha. Najiona kama nampiga mtu aliyefungwa mikono. Basi nitakusifu, maana kukushambulia sasa itakuwa uonevu.

Nianze na siku ya ngazi.

Ulipovutiwa waya wa intaneti nyumbani kwako, mtaa wetu wote hapa Malangali, Sumbawanga, ulikuwa unaishi kwa bando. Unanunua, linakwisha hujajua limekwenda wapi, unanunua tena. Mimi nilikuwa natuma makala zangu gazetini vipandevipande, aya mbili leo, tatu kesho, mpaka mhariri akanipigia kuuliza kama kilichokatika ni mtandao au hasira. Nikaandika makala juu ya bando. Nililiita ushuru wa kufungua mdomo. Niliwachapa wanaouza, niliwachapa wanaowasimamia, niliwachapa hata wasomaji kwa uvumilivu wao. Nikakuletea gazeti mwenyewe. Ulisoma umesimama uani, miwani imeshuka puani, mpaka neno la mwisho. Kisha ukalikunja vizuri, ukaliweka kwapani.

"Mama Makala," ukasema, "umewapiga kwelikweli. Sasa njoo unishikie ngazi."

Nilishika. Nilikuwa na gauni la kwenda mjini na viatu vya kisigino, na nilishika. Sijui kama nimewahi kukwambia kwamba katika wote walioisoma makala ile, na wengi walinipongeza, wewe peke yako ulifanya kitu.

Unyenyekevu hukuwa nao, tuseme ukweli hata kaburini. Ulitengeneza laini za simu mpaka ukastaafu, na ulipenda kusema kwamba Ufipa nzima ilijifunza kusema haloo kwa mikono yako. Kwa hiyo ulipoamua waya mmoja uhudumie nyumba zaidi ya moja, hukuuliza mtu. Ulitangaza. Ruta ilikuwa sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria, na ukasema mawimbi yake yakifika jikoni yamechoka, kwa sababu ukuta wa tofali za kuchoma unayanywa. Ukatoa waya kwenye ruta, ukaupitisha juu ya dari hadi kwenye paa, ukafunga antena nyeupe ndogo kama kisosi, ikatazama kwa Mama Kulwa ng'ambo ya shamba la mahindi. Kwake ukafunga ya pili, ikaitazama ya kwanza. Kutoka kwake ukavuta waya mpaka kwangu, maana mimi na yeye tunapakana ukuta. Kutoka paa langu antena nyingine ikatazama ukumbi wa kigango, ambako vijana husomea jioni. Nyumba tatu na ukumbi, vyote vinakula kwenye chungu kimoja.

"Antena mbili ni kama watu wawili wanaoongea penye kelele," ulinieleza ukiwa juu. "Wakitazamana usoni, wanasikilizana. Mmoja akigeuza shingo, kwisha."

Kuzifanya zitazamane kulikula mchana mzima. Wewe juu ya bati lako, mimi chini ya ngazi, Mama Kulwa juu ya bati lake mwenyewe, kanga kaikaza kiunoni, maana alikataa mwanaume yeyote amkanyagie nyumba. Mtaa mzima ulitoka kuwasikiliza.

"Sogeza kidogo!" unapiga kelele.

"Upande gani, wewe?"

"Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa Mungu! Sogeza! Umepitiliza! Rudisha! We Msukuma umezoea kugeuza ng'ombe, hii inageuzwa kwa kidole!"

"Na we Mfipa shuka huko, upepo usije ukakurudisha Laela kwa kaka yako!"

Mlikuwa hivyo tangu alipohamia hapa na mifugo na watoto wake kutoka Usukumani. Ulimsalimia Kisukuma kibovu siku ya kwanza, "Mwangaluka," wakati jua linazama, na salamu hiyo ni ya asubuhi. Akakujibu kwamba saa za Wafipa zimepotea kama akili zao. Hapo hapo mkatangaza kuwa ninyi ni watani. Mzee mmoja alipouliza tangu lini Mfipa na Msukuma wakawa watani wa asili, ukamwambia asili inaanza leo. Sikujua utani ule ungetuokoa. Nitafika huko.

Kwanza nikukumbushe makosa yako, kwa sababu uliyapenda kuliko watu wengi wanavyopenda ushindi wao. Ulipomfungia Mama Kulwa ruta yake, mtandao ukaingia nyumba zote na haukufanya kazi popote. Simu zinasema zimeunganishwa, ukifungua kitu hakuna. Siku mbili unatukana kwa Kifipa. Siku ya tatu ukaja kwangu unacheka peke yako. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani. Kila simu ikiingia inauliza, "Mimi ni nani humu?" na inajibiwa na wakubwa wawili, kila mmoja na jibu lake. Ukainyamazisha ile ya pili isigawe chochote, ipitishe tu, na mambo yakanyooka. "Nyumba ina wagawaji wawili wa mboga," ulisema, "halafu mnashangaa watoto wanalala na njaa." Niliiba sentensi ile nikaitumia katika makala juu ya baraza letu, na sikukutaja. Ulinidai heshima yako mpaka Krismasi.

Halafu yakaja mahindi.

Tulifunga Septemba, shamba kati yako na Mama Kulwa likiwa tupu, mabua yameshaliwa na ng'ombe, na mtandao ulikimbia kama umefukuzwa. Januari ukaanza kusuasua. Februari ukafa. Mvua ikinyesha hakuna kabisa. Jua likiwaka mchana unarudi kidogo, kisha unakwenda zake. Mmoja akasema kampuni inatuibia. Mwingine akaanza kunong'ona yale mambo ambayo watu wa mbali huwa wanayacheka wakisikia tu jina la Sumbawanga, kwamba kuna mtu kafunga kitu mahali. Unajua ninavyouchukia mzaha ule. Nilikuwa nimeshakalia kiti niandike makala ya kumshughulikia yeyote atakayeutamka mbele yangu. Wewe hukubishana na mtu. Uliingia shambani na simu yako, asubuhi, umande unadondoka, na tukakupoteza. Tulikuwa tunaona mahindi yanatikisika tu. Kisha tukasikia sauti yako katikati ya shamba, sauti ya mtu aliyevumbua dunia:

"Ni mahindi! Jamani, ni mahindi!"

Ulitoka umelowa mpaka kifuani. Jani la hindi bichi ni maji yaliyosimama wima, ulisema, na mawimbi haya hayapendi maji. Tulipima Septemba. "Mtu gani anapima Septemba akasahau Februari?" uliuliza umati. "Mgeni? Mzungu? Hapana! Mfipa! Mtu aliyezaliwa kwenye mahindi, akabatizwa kwenye mahindi, anakula ugali mara mbili kwa siku!" Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya ua. Mama Kulwa ndiye mwenye lile shamba, na mtu mmoja alipothubutu kupendekeza afyeke mistari michache ya katikati, alimuuliza kwa upole sana, "Nife njaa ili wewe uangalie mpira?" Ukakata nguzo mbili za mkaratusi, moja kwako moja kwake, ukazipandisha antena juu ya urefu ambao hindi lolote la Ufipa linaweza kuota. Mahindi yakaendelea kukua chini, mtandao ukapita juu, na hakuna aliyepoteza kitu.

Nimesoma vitabu vingi, Kasiano, vingine vizito kuliko tofali. Nimesoma watu wanaoeleza kwa nini miradi inakufa katika nchi zetu, na kila mmoja ana nadharia yake nene. Sijasoma hata mmoja aliyeingia shambani asubuhi akalowa.

Na ninyi mnaosema kila mtu na bando lake... Samahani, nimeanza kumhutubia mtu mwingine. Mazoea. Lakini niruhusu, maana ugomvi huu ulikuwa wetu wote. Wapo walionifuata wakaniuliza unapata faida gani kumpitishia Msukuma intaneti. Unauza? Unagombea udiwani? Hawakuweza kuamini kwamba mtu anaweza kuwa na kitu kinachobaki, akakiona kinabaki, akakereka. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yako yote. Ulikereka. Uliniambia waya ule unaweza kubeba nyumba kumi, na wewe na Oresta mnautumia kusikiliza misa na kuangalia hali ya hewa. Kwamba kila jioni unaona mto mzima unapita mlangoni kwako kuchotwa kikombe kimoja. Kuna watu wanaumia wakipungukiwa. Wewe uliumia ukizidishiwa. Nikipata nchi yenye watu kama wewe ishirini tu katika kila mji, nitaacha kuandika, nitafuga kuku.

Tena hukuwa mjinga wa kugawa. Kila nyumba uliipa neno lake la siri na kiasi chake, ili anayependa filamu asimkaushe anayesoma. Wakati wa ibada, laini ya ukumbini unaizima. Mama Kulwa alimwona mume wake, aliyeko bondeni na ng'ombe, uso kwa uso kwenye simu, na ng'ombe mgonjwa akasogezwa mbele ya kioo ili naye asalimie. Kaka yako Mzee Wensi akawa anatutumia kila asubuhi bei ya mahindi pale Laela, kwa hiyo mnunuzi alipofika hapa na lori lake na uso wa huruma kutuambia soko limeanguka, wanawake wa mtaa huu walimsikiliza mpaka mwisho, wakamkaribisha chai, kisha wakamwambia bei ya Laela ya asubuhi ile. Nilikuwepo. Chai ilimpalia.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Tulikuzika kwa baridi kali, upepo wa Juni unakata masikio. Padre alisema vizuri. Mimi niliombwa kusema na sikuweza, na hilo watu wanalisimulia mpaka leo kama mwujiza. Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, wanawake wanalia, mara tukamwona mtu anakuja mbele yetu amevaa koti lako la mvua na kofia yako ya sufi, miwani puani. Alikuwa Mama Kulwa. Mtani wako kaja kufanya kazi ya mtani. Akapanda juu ya jiwe, akaweka mkono kiunoni kama wewe, akatazama mbinguni akapaza sauti, "Sogeza kidogo! Petro, sogeza hilo geti! Umepitiliza! Rudisha!" Oresta alikaa chini barabarani. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anacheka, Kasiano. Anacheka na machozi yanamwagika, na kicheko cha wanawake wote kikamfunika kama blanketi. Hakuna mahubiri yangeweza kufanya lile.

Halafu ikafika arobaini.

Mwanao Deo alirudi kutoka Dar. Ukoo ulikaa uani, na Mzee Wensi, kwa kuwa ndiye mkubwa wenu, akagawa vitu vyako. Koti kwa mpwa. Baiskeli kwa Mzee mwenyewe. Spana na koleo kwa Deo. Redio ikabaki kwa mama. Vilipokwisha, Mzee akakuna kidevu, akatazama juu kwenye nguzo ya mkaratusi. "Na hii," akauliza, "ni ya nani?"

Watu wote walitazama juu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwahi kufikiri. Kitu kinachoingia katika nyumba tatu na ukumbi, kwa jina la mtu aliyelala makaburini.

Deo akasema ataikata. Mpole kama kawaida yake, anaangalia viatu vyake. Nilikuja kumtukana, nilikuwa tayari kumtukana, lakini nikwambie alichosema, kwa sababu ulimlea vizuri na alisema jambo la maana. Alisema mkataba una jina la baba. Ukumbini wanaingia vijana ambao hata katekista hawajui wote. Siku kijana mmoja akimtapeli mtu au akiandika upuuzi wa kumpeleka mahakamani, polisi watafuata jina, na jina litawaleta kwenye mlango huu, kwa mjane anayeishi peke yake. "Baba alikuwepo," alisema. "Alikuwa anawajua, anawakemea. Mimi niko Dar. Nani atasimama mlangoni?"

Nilipaswa kutulia nifikiri. Nilisimama. Nilihutubia, Kasiano. Nilianza na haki ya binadamu ya kupata habari, nikapita kwa wakoloni, nikarudi kwa bando, na nilikuwa nakaribia kwenye mahindi Deo aliponyanyua macho.

"Shangazi," alisema, "hapa si gazetini."

Watu wakaguna. Nikakaa. Hoja zangu zote zilikuwa sahihi na hakuna hata moja iliyojibu swali lake.

Akainuka kwenda sebuleni kuzima ruta. Akatoka mikono mitupu. "Haipo," akasema. Wakati huohuo katekista akaingia getini anauliza mtandao umekwenda wapi, vijana wana jaribio kesho. Ndipo Mama Kulwa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi na kikapu mapajani, akafunua kitambaa. Ruta yako ilikuwa imelala juu ya ulezi kama yai.

"Mimi ni mtani," akasema. "Nimechukua changu. Mnaotaka, mje mkomboe."

Binamu zako wawili wakaruka. Mwizi, Msukuma, mgeni, maneno mengi. Mmoja akasema mtani wa ukoo huu hajulikani kuwa Msukuma. Mama Kulwa hakusogea. Akamtazama Mzee Wensi peke yake. Na mimi, ambaye nilikuwa na makala kamili mdomoni juu ya ukabila, nilifunga mdomo, kwa kuwa niliona kwamba kila kitu ulichojenga kilikuwa kimesimama juu ya neno moja litakalotoka kwa mzee mmoja wa Laela.

Mzee akafikiri. Akasema, "Kasiano alimwita nani?"

Oresta akajibu. "Mtani. Kila siku. Mpaka ile asubuhi."

"Basi," akasema Mzee, "mtani haporwi. Mtani anakombolewa. Sema unataka nini, mama. Jogoo?"

"Sitaki jogoo. Kuku wa Wafipa wamekonda." Watu wakacheka kidogo, bila kupenda. "Tangu wiki ya msiba upepo umeigeuza antena yake shingo. Kwangu mtandao unakuja unachechemea, na baba Kulwa simwoni, naona masikio tu. Nataka huyu kijana apande paa la baba yake aninyooshee. Akishuka bado anataka kukata, ruta namkabidhi mwenyewe mkononi, na sitasema neno."

Mama Kulwa akamkopesha Oresta ruta airudishe kwenye waya wake, ili kuwe na cha kupima. Deo alivua koti, akavua viatu. Nilishika ngazi. Alipanda na soksi zake za Dar, akakaa juu ya bati ameikumbatia nguzo kama mtoto, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona ulichokuwa unakiona wewe: nguzo ya pili inamtazama ng'ambo ya shamba, paa langu, ukumbi, vyote vimeelekezana kama watu walio katikati ya mazungumzo. Hakujua pa kuanzia. Akashika antena akaizungusha vibaya. Katekista anasema kulia, binamu waliokuwa wanatukana sasa wanasema kushoto, Mama Kulwa kakimbilia kwake anapiga kelele kutoka mlangoni. Ilikuwa fujo. Kisha Oresta akatoka katikati ya watu na simu yako mkononi. Kumbe siku zote zile sisi tukipiga kelele, yeye ndiye aliyekuwa ndani anakusomea kwenye kioo namba za nguvu ya mawimbi.

"Bado," akasema. Watu wote wakamgeukia. "Bado, baba. Pole pole. Bado. Inakuja. Hapo hapo, usiguse tena."

Deo aliikaza kwa spana, ile ile aliyorithi saa ile. Hakushuka mara moja. Alikaa juu anatazama, upepo unampiga shati. Aliposhuka alikaa kwenye kipandio cha mwisho cha ngazi, uso wake sitauandika, akasema hofu yake bado ipo. Jina litakuwa la nani?

Nilijitolea. Deo, Mungu ambariki, alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Shangazi, wewe? Una kesi ngapi?" Mzee Wensi akacheka mpaka akakohoa.

"Andika langu," akasema Oresta. "Kwani baba yako alikuwa anaishi peke yake humu? Mlangoni nasimama mimi. Nani alikuwa anawafungulia hao vijana geti?"

Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia, na hiyo ilikuwa mara ya pili siku ile.

Tulikwenda ofisini kwa wale wenye waya, sisi wote, tukasema waziwazi tunachofanya. Kumbe mkataba wako wa nyumbani haukuruhusu, mzee! Ulikuwa mkorofi kuliko nilivyojua, na ninakuheshimu zaidi. Lakini upo mwingine wa vikundi, na kikundi sasa tunacho. Nyumba tatu na kigango, kila kimoja na mtu wake anayejibu kwa watu wake, na katekista anawajua vijana wote kwa majina, kwa shuruti. Deo alitengeneza yote kabla ya kurudi. Anapiga simu kila Jumapili kuuliza antena inaendeleaje, ndipo anauliza habari za mama. Oresta hataki ruta ihamishwe kutoka chini ya Bikira. Na zahanati ndogo iliyo nyuma ya ukumbi imeomba. Mama Kulwa ameshapima, na amepima sasa hivi, mahindi yakiwa juu ya kichwa.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kikundi kinahitaji msimamizi, anayeshika maneno ya siri na mwenye uwezo wa kumfungia mtu. Wamenichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu Oresta aliwaambia nimeshika ngazi miaka yote. Lakini Mama Kulwa alisimama akasema mbele ya wote kile ambacho kila mmoja alikuwa anakiwaza: kwamba mimi sina jirani ambaye sijagombana naye, na siku nikikorofishana na mtu nitamkatia. Niliwaka. Nilitaka kumjibu. Halafu nikajiona vizuri, nina kibonyezo mkononi na hasira kifuani, na nikajua kwamba mtandao wako hauwezi kuuawa na mahindi wala upepo wala Deo. Ukifa, nitakuwa nimeuua mimi, siku nikiwa na haki.

Kwa hiyo nakuahidi wewe, kwa kuwa walio hai wamekataa kuniamini bila ushahidi. Nitaandika ninavyotaka na nitagombana na ninayemtaka, maana sijui kuishi vingine. Lakini simfungii mtu. Atakayenikosea leo, leo hii hii mtandao utafunguka kwenye simu yake. Na akitaka kunijibu, kunisuta, kunitukana mbele ya nchi nzima, atafanya hivyo kwa mtandao wetu, na nitahakikisha matusi yake yanafika bila kukwama.

Pumzika, Kasiano. Kwa mara moja tu nimekuachia neno la mwisho. Ulitumie vizuri huko.

Rafiki yako na jirani yako,
Yasinta